Safaktanti ndani ya mafuta: ni nguvu gani inayozikusanya kuwa miseli ikiwa maji ya kuzisukuma hayapo?

Tone_Dogo aliuliza:

Salamu kwenu nyote. Kuna jambo ambalo nimelisoma na kulirudia kwa wiki kadhaa bila kuridhika, na naomba msaada wa wanaolifahamu vizuri kuliko mimi.

Habari za majini nadhani ninazielewa. Molekuli ya safaktanti, yaani kemikali ya jamii ya sabuni, ina kichwa kinachopenda maji na mkia wa haidrokaboni usioyapenda. Ukolezi ukiwa mdogo, molekuli huelea mojamoja. Ukolezi ukipita kiwango fulani, zinajikusanya ghafla kuwa vijitufe vyenye mikia ndani na vichwa nje, ndivyo vinavyoitwa miseli. Kwa sodiamu dodesili salfeti kiwango hicho ni takriban milimoli 8 kwa lita katika nyuzi 25 za Selsiasi, na kila kijitufe hubeba molekuli 60 hivi. Sababu inayotolewa ni kwamba maji yanayouzunguka mkia hulazimika kujipanga kwa namna inayoyanyima uhuru, na mikia inapojificha pamoja maji hayo huachiliwa, kwa hiyo entropia (kipimo cha uhuru huo) ya mfumo mzima huongezeka hata kama molekuli za safaktanti zenyewe zimepoteza uhuru wao.

Kinachonisumbua ni upande wa pili. Takriban kila kitabu nilichokifungua kinasema kwamba ndani ya mafuta hali huwa "kinyume chake", yaani vichwa ndani na mikia nje, kisha mwandishi anaendelea na mambo mengine kana kwamba maelezo yamekamilika. Lakini mafuta hayajipangi kukizunguka kichwa kama maji yanavyojipanga kuuzunguka mkia. Sasa ni nani anayesukuma?

Nilijaribu pia kupima. Nilitumia sodiamu bisi(2-ethilihekisili) salfosaksineti, ile ambayo wengi huiita AOT, ndani ya isooktani, ambayo ni haidrokaboni nyepesi ya kimiminika. Nilipopima mvutano wa uso, ulibaki karibu milinyutoni 19 kwa mita kuanzia ukolezi mdogo kabisa hadi mkubwa, bila kushuka na bila kona kwenye grafu. Nilipobadilisha njia na kutumia rangi inayopenda mazingira ya maji, ufyonzaji wa mwanga ulipanda polepole kwa mkunjo laini, tena bila kona ninayoweza kuielekeza kidole na kusema miseli zilianzia hapa. Mwenzangu wa maabara anasema nimeharibu sampuli. Je, ni kweli, au nilikuwa natafuta kitu ambacho hakipo?

Kichwa_na_Mkia alijibu:

Ndugu Tone_Dogo, sampuli yako huenda haina kosa kubwa. Kosa limo katika maneno "kinyume chake", ambayo ni sahihi kwa umbo na yanapotosha kwa sababu. Picha ya miseli ya majini ukiigeuza ndani nje unapata picha inayofanana na miseli ya mafutani, lakini thamodinamiki yake haigeuki pamoja nayo.

Nianze na mvutano wa uso kwa kuwa huo hauhitaji maelezo marefu. Majini safaktanti hupanda usoni kwa sababu mkia hupata pa kukimbilia, yaani hewani, na mvutano wa maji, ambao ni takriban milinyutoni 72 kwa mita, hushuka sana. Isooktani tayari ina mvutano wa karibu 19, na mikia ya AOT ni haidrokaboni yenye matawi inayofanana mno na isooktani yenyewe. Molekuli ikipanda usoni haipati faida yoyote, kwa hiyo haipandi. Kipimo chako kilionyesha ukweli: hicho si chombo cha kazi hii.

Sasa tuje kwenye nguvu. Maji yana kigezo cha dielektriki, yaani kipimo cha uwezo wa kiyeyushi kudhoofisha mvuto kati ya chaji, cha karibu 78 katika nyuzi 25, na haidrokaboni ina takriban 2. Tofauti hiyo inabadilisha kila kitu kwa vitu vyenye chaji. Chukua umbali ambao nishati ya mvuto kati ya chaji mbili za msingi inalingana na nishati ya joto, ile tunayoiandika kT. Majini umbali huo ni nanomita 0.7 tu, ndiyo maana ioni ya sodiamu huweza kuachana na kichwa cha sulfonati na kuzurura. Ndani ya haidrokaboni umbali huo ni nanomita 28 hivi. Ukiziweka sodiamu na sulfonati nanomita 0.5 mbali, zinashikana kwa nishati ya takriban 56 kT, na hakuna mtikisiko wa joto wa kawaida utakaozitenganisha. Kwa hiyo katika mafuta usifikirie kichwa chenye chaji kinachosukumana na wenzake, bali fikiria jozi ya ioni isiyoachana, yenye upande chanya na upande hasi, mithili ya sumaku ndogo.

Sumaku mbili za namna hiyo zikikutana nini hutokea? Fanya hesabu ya mkono. Jozi mbili zikiwa mbalimbali, jumla ya nishati yake ni mara 2 ya nishati ya jozi moja. Zipange chaji nne kwenye pembe za mraba, chanya na hasi zikipishana: kingo nne zinavuta, ulalo wawili unasukuma, na jumla inakuwa mara 2.59. Faida ni 0.59 ya nishati ya jozi, yaani takriban 33 kT. Nakiri kwamba hesabu hii inatia chumvi, kwa sababu vichwa halisi si nukta, vina unene, na mikia huzuia vichwa kukaribiana kwa namna hiyo bora. Hata ukiipunguza mara kadhaa bado inabaki nguvu kubwa. Kwa safaktanti zisizo na ioni, kazi hiyo hufanywa na miungo ya haidrojeni kati ya makundi ya haidroksili pamoja na mvutano wa dipoli, ambayo ni dhaifu zaidi lakini ina tabia ileile.

Kwa hiyo jibu la swali lako la msingi ni kwamba hakuna anayesukuma. Majini safaktanti hufukuzwa na kiyeyushi. Mafutani vichwa hutafutana vyenyewe. Majini entropia ndiyo inayolipa gharama. Mafutani enthalpia, yaani nishati inayoachiliwa vichwa vinaposhikana, ndiyo inayolipa, na entropia inadai, kwa sababu molekuli zinapoteza uhuru na mafuta hayapati uhuru wa maana wa kufidia. Ndiyo maana vikusanyiko vikavu vya mafutani kwa kawaida huvunjikavunjika ukivipasha joto.

Na hapo ndipo ile kona unayoitafuta inapopotelea. Majini molekuli mbili zikikutana hazipati faida kubwa, kwa sababu mikia yao bado imezungukwa na maji karibu pande zote. Lazima zikusanyike makumi ndipo kiini kikavu kipatikane. Jambo linalolipa tu likifanywa na wengi kwa pamoja huanza ghafla, na ughafla huo ndio kona. Mafutani, kama ulivyoona katika ule mraba, jozi mbili tayari zimepata sehemu kubwa ya faida. Ya tatu inaongeza kidogo, ya nne kidogo zaidi. Kwa hiyo ukolezi unavyopanda unapata viwili, vitatu, vinne, na kuendelea, vyote vikiwepo kwa wakati mmoja, na wastani ukisogea polepole. Kwa safaktanti nyingi za mafutani idadi haivuki kumi au ishirini. Mkunjo wako laini ndio sura halisi ya jambo hilo, na mtu anayechora mistari miwili iliyonyooka juu yake ili apate makutano anapata namba, lakini namba hiyo inategemea sana mahali alipochagua kuiweka rula.

Tone_Dogo alijibu:

Nashukuru sana, hasa kwa ule mraba. Nimeuchora na nimeuelewa. Lakini umenizalia swali jingine. Ikiwa kila jozi inayoongezeka inapata faida, kwa nini mkusanyiko usiendelee kukua mpaka uwe chembe ya chumvi itakayozama chini ya chupa? Ni nini kinachousimamisha kwenye molekuli kumi au ishirini?

Nusu_Kipenyo alijibu:

Kwa ruhusa ya Kichwa_na_Mkia nitalijibu hili, kwa kuwa ni swali la jiometri, na jiometri ndiyo sehemu ninayoipenda katika somo hili zima.

Ungekuwa na vichwa pasipo mikia, ungepata hasa hicho ulichokitaja: fuwele ya chumvi chini ya chupa. Miseli ya mafutani ni fuwele iliyozuiwa kukua na mikia yake yenyewe. Kipimo kinachotumika ni kile kilichowekwa na Israelachvili, Mitchell na Ninham mwaka 1976: ujazo wa mkia gawanya kwa zao la eneo la kichwa na urefu wa mkia. Matokeo yakiwa chini ya theluthi moja, molekuli ni kama koni iliyochongoka upande wa mkia, na hupangika vizuri kuwa tufe majini. Yakiwa karibu na 1, ni kama silinda, na unapata tabaka bapa. Yakizidi 1, mkia ni mpana kuliko kichwa, na uso hupinda kuelekea upande wa vichwa. AOT ina mikia miwili, tena yenye matawi, juu ya kichwa kimoja kidogo. Ni kabari iliyotengenezwa tayari kwa kazi hii, ndiyo maana inafanya vizuri bila msaidizi, wakati safaktanti nyingi zenye mkia mmoja ulionyooka huhitaji alkoholi yenye mnyororo wa urefu wa kati kuongezwa ili zikubali kupinda.

Kuna tofauti moja ambayo huwa haitajwi vya kutosha. Miseli ya majini haiwezi kuwa na nusu kipenyo kikubwa kuliko urefu wa mkia, kwa sababu katikati pangebaki tundu tupu. Mafutani sharti hilohilo lipo lakini linavibana vichwa, na kichwa ni kifupi kuliko mkia. Mduara wa vichwa vikavu ukipanuka, katikati panabaki uwazi usio na cha kuujaza: mafuta hayataki kuingia humo, na mikia haifiki. Kwa hiyo AOT kavu ndani ya isooktani husimama kwenye molekuli 20 hivi, na kijitufe kizima pamoja na mikia kina nusu kipenyo cha takriban nanomita 1.5.

Sasa mpe kitu cha kuujaza huo uwazi. Kitu chenyewe ni maji. Tuite w uwiano wa moli za maji kwa moli za safaktanti. Ujazo wa molekuli moja ya maji ni nanomita za ujazo 0.03, na kila kichwa cha AOT hufunika eneo la takriban nanomita za mraba 0.55 juu ya uso wa bwawa la maji, yaani tone dogo lililo katikati ya kijitufe. Kwa tufe lolote nusu kipenyo ni mara 3 ya ujazo gawanya kwa eneo, kwa hiyo nusu kipenyo cha bwawa ni 3 × 0.03 × w ÷ 0.55, yaani takriban nanomita 0.16 mara w. Ukiwa na w ya 10, bwawa lina nusu kipenyo cha nanomita 1.6, na ndani yake mna molekuli 600 hivi za maji zilizozungukwa na molekuli 60 za AOT. Ukiwa na w ya 40, nusu kipenyo ni zaidi ya nanomita 6. Hesabu hii nyepesi, isiyohitaji zaidi ya jiometri ya shule ya sekondari, inakubaliana vizuri na vipimo vya mtawanyo wa nyutroni na vya mtawanyo wa mwanga, na mimi huona jambo hilo ni zuri kuliko nadharia nyingi ndefu. Ukubwa wa kitu kidogo kiasi hicho unauamua kwa kupima maji kwa sirinji.

Maji yenyewe humo ndani si maji ya kawaida mwanzoni. Molekuli za kwanza hushikwa na sodiamu na sulfonati, hazizunguki kwa uhuru, na hazigandi pale tulipozoea. Ni baada ya w kupita takriban 10 ndipo katikati ya bwawa huanza kupatikana maji yanayofanana na yale ya kwenye glasi.

Usidhani pia kwamba lazima umbo liwe tufe. Lesithini, ambayo kipimo chake cha umbo kiko karibu na 1, ikiyeyushwa ndani ya isooktani hutoa mmumunyo mwepesi usio na ajabu yoyote. Ongeza maji kidogo mno, molekuli mbili tatu kwa kila molekuli ya lesithini, na mmumunyo unakuwa mzito maelfu ya mara, mpaka unaweza kuipindua chupa bila kitu kumwagika. Scartazzini na Luisi walilieleza jambo hili mwaka 1988. Maji huunganisha makundi ya fosfeti ya majirani kwa miungo ya haidrojeni, na miseli zinarefuka kuwa kama nyuzi ndefu zinazonyumbuka na kusokotana. Ongeza maji mengine na uzito huo unapotea, kwa kuwa mfumo hutengana.

Kauka_Kabisa alijibu:

Nimefuatilia majibu yote mawili na nakubaliana na sehemu kubwa, ila nina mambo mawili ya kurekebisha, na la kwanza linamgusa Tone_Dogo moja kwa moja.

Ndugu zangu mmezungumza kuhusu "AOT kavu" kana kwamba kitu hicho kinapatikana dukani. AOT ni fyonzamaji wa hali ya juu. Ukiiacha wazi mezani asubuhi moja, tayari imevuta maji kutoka hewani, na hata ile iliyotoka kwenye chupa mpya mara nyingi hubeba sehemu ya molekuli ya maji kwa kila molekuli yake. Ukiwa na milimoli chache za safaktanti kwa lita, kiasi hicho cha maji kinatosha kabisa kubadilisha idadi ya molekuli katika mkusanyiko. Kuna safaktanti ambazo zikikaushwa kwa uangalifu mkubwa hukusanyika kidogo sana, na punde maji machache yanapoingia zinaanza kukusanyika kwa bidii, kwa sababu maji ni gundi inayoshika vichwa viwili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mtu anaposema kwamba ukolezi wa mwanzo wa miseli za AOT ndani ya isooktani ni namba fulani, swali langu la kwanza huwa: maji yalikuwa kiasi gani? Nadhani sehemu kubwa ya kutokubaliana kwa namba zilizochapishwa inatoka hapo, na si katika nadharia.

Tone_Dogo, rangi yako nayo si shahidi asiye na upande. Molekuli ya rangi inayopenda mazingira ya maji huweza kuviita vichwa viizunguke hata pale ambapo vyenyewe visingekusanyika. Unaweza kuwa unapima miseli zilizotengenezwa na rangi. Punguza ukolezi wa rangi mara mbili, kisha mara nne, uone kama mkunjo unahama. Ukihama, rangi inashiriki.

Jambo la pili ni pale Kichwa_na_Mkia aliposema kwamba hakuna anayesukuma, jambo linaloweza kumfanya msomaji aone mafuta ni jukwaa tupu ambalo vichwa vinachezea. Mafuta yana sauti. Molekuli ndogo za kiyeyushi huingia katikati ya mikia na kuitanua, na zile ndefu haziingii kwa urahisi. Ndani ya benzini vikusanyiko vya AOT huwa vidogo kuliko ndani ya isooktani, kwa sababu benzini hujipenyeza na pia huvivumilia vichwa zaidi kidogo. Ndani ya alkani ndefu mikia ya kijitufe kimoja huona ni afadhali kugusana na mikia ya kijitufe jirani kuliko kugusana na mafuta, vijitufe vinashikana, na mfumo unaweza kutengana kwa maji machache kuliko ungetarajia. Na mtu akifanya kazi na mafuta ya mimea, ambayo ni trigliseridi na si haidrokaboni tupu, akumbuke kwamba makundi ya esta ndani yake yana upolari kidogo, kigezo cha dielektriki kiko karibu na 3, kwa hiyo vichwa haviteseki kama ndani ya isooktani.

Kichwa_na_Mkia alijibu:

Marekebisho nimeyapokea, hasa la pili. Nilisema kwa mkazo kupita kiasi ili kutofautisha na hali ya majini. Kuhusu maji yaliyofichika, ningeongeza tu kwamba hata neno "miseli" lina utata hapa. Hoar na Schulman, walioeleza mwaka 1943 mifumo miangavu ya maji ndani ya mafuta, walitumia jina lililounganisha miseli na maji, na baadaye, mwaka 1959, Schulman na wenzake wakaleta neno "mikroemalsheni". Wapo wanaoita miseli pale w ilipo ndogo, na mikroemalsheni pale bwawa la maji lilipo kubwa, lakini hakuna ukuta kati ya hayo mawili. Unavuka bila kugonga mlango.

Mafuta_Mazito alijibu:

Mimi natoka upande wa vilainishi, si wa nadharia, na ningependa mtu asiondoke akidhani haya ni mambo ya isooktani na maabara peke yake. Katika mafuta ya injini mna sulfonati za kalsiamu zilizoandaliwa kwa makusudi zikiwa na kiini cha kalsiamu kaboneti isiyo fuwele, chenye ukubwa wa nanomita chache, kikiwa kimevishwa safaktanti ambayo mikia yake imeelekea kwenye mafuta. Hiyo ni miseli ya kinyume iliyojazwa chokaa badala ya maji. Kazi yake ni kumeza asidi zinazozalishwa na uunguaji wa mafuta, na kwa kuwa kila kijitufe ni kidogo kuliko urefu wa mawimbi ya mwanga, mafuta hubaki maangavu japokuwa yamebeba madini imara. Hakuna mtu angemimina chokaa ya unga kwenye injini akategemea mema. Ikivishwa mikia, inapita kwenye vichujio bila shida.

Kuna jambo jingine linalonishangaza hadi leo, nalo ni chaji. Kichwa_na_Mkia ameeleza vizuri kwamba ioni haziachani ndani ya mafuta. Hata hivyo, mafuta yenye miseli hupitisha umeme zaidi ya mafuta matupu, kwa kiasi kidogo lakini kinachopimika. Inatokea hivi: vijitufe viwili visivyo na chaji hugongana, yaliyomo yanachanganyika kwa muda mfupi, kisha vinaachana, na mara chache sana kimoja huondoka na ioni ya ziada huku kingine kikibaki na upungufu. Gharama yake inategemea ukubwa wa kijitufe, kwa sababu chaji iliyokaa ndani ya tufe kubwa haiachi mkazo mkubwa kwenye mafuta kama ile iliyokaa ndani ya tufe dogo. Kwa nusu kipenyo cha nanomita 1.5 na ule umbali wa nanomita 28 uliotajwa juu, gharama ni 28 gawanya kwa mara mbili ya 1.5, yaani 9 kT na kitu, ambayo inakadiria kijitufe kimoja chenye chaji kati ya kama elfu kumi. Ni wachache, lakini wanatosha kuchaji chembe za rangi zilizotawanywa ndani ya mafuta, na kwenye skrini zile zinazofanana na karatasi chembe hizo husogezwa na volteji juu na chini ili herufi zionekane.

Migongano hiyohiyo hutumika pia kutengeneza chembe ndogo za metali. Unaweka chumvi ya metali kwenye mabwawa ya mmumunyo mmoja na kipunguzaji, yaani kemikali inayoigeuza chumvi hiyo kuwa metali, kwenye mabwawa ya mwingine, unachanganya, na mmenyuko hutokea tu vijitufe vinapobadilishana yaliyomo. Kwa AOT si kila mgongano unaofanikiwa. Ni takriban mmoja kati ya elfu. Bado kwa kuwa migongano ni mingi mno, kubadilishana hukamilika ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Kwa hiyo usivifikirie kama vyumba vilivyofungwa kwa kufuli.

Tone_Dogo alijibu:

Nimerudi baada ya siku chache. Nilikausha AOT katika tanuri la ombwe, nikakausha isooktani kwa vichujio vya molekuli, kisha nikapima maji yaliyobaki kwa titresheni ya Karl Fischer kabla ya kila kipimo, jambo ambalo mara ya kwanza sikulifanya kabisa. Nilipunguza pia rangi mara nne kama alivyoshauri Kauka_Kabisa. Mkunjo ulihama kuelekea ukolezi mkubwa zaidi, na ukazidi kuwa laini. Kisha katika sampuli moja niliongeza maji kwa sirinji mpaka w ikafika 10, na mtawanyo wa mwanga ukatoa nusu kipenyo cha nanomita 2.7 kwa kijitufe kizima. Nikitoa nanomita 1.1 hivi za mikia, nabakiwa na 1.6 kwa bwawa. Nusu_Kipenyo, hesabu yako ya sekondari imesimama.

Mwenzangu wa maabara bado anataka nimpe namba moja ya ukolezi wa mwanzo wa miseli ili aiweke kwenye jedwali lake. Nimwandikie nini?

Kauka_Kabisa alijibu:

Mwandikie eneo la ukolezi ambamo mkunjo unapinda, kuanzia hapa hadi hapa, na pembeni yake kiasi cha maji na kiasi cha rangi. Akisema jedwali lake lina safu moja tu, mwambie aongeze safu.

Nusu_Kipenyo alijibu:

Na halijoto. Asisahau halijoto.